Mzee wa Kitabuni na Shimo la Tatu

Mzungu aliyeniazima kitabu kile ndiye aliyemfunga baba yangu mkubwa, na alimfunga kwa kosa la kufanya jambo lilelile ambalo mzee wa kitabuni alilifanya akasifiwa. Mimi nilikaa katikati yao nikitafsiri. Maneno yote ya kesi ile yalipita kinywani mwangu, na hati ya hukumu niliipiga kwa mashine kwa vidole vyangu viwili, bila kosa hata moja.

Nianze nyuma kidogo. Katika miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa posti, ofisi ya serikali ya Wabelgiji, kule Fizi, juu mlimani. Nilikuwa na mke, baiskeli, na suruali ndefu mbili. Mzungu niliyemtumikia alikuwa na kazi mbili: kusimamia masoko ya pamba katika vijiji vya ziwani, na kuamua kesi ndogondogo. Hakuwa mtu mkali. Alipokuwa akingoja kamyo, lori la serikali, ijazwe marobota alikaa kwenye kiti chake cha kukunja akisoma, na siku moja alifunga kitabu, akanitupia.

"Soma, karani. Kifaransa chako kitanyooka."

Kilikuwa kitabu chembamba cha jalada la manjano, kimelainika kwa jasho la mikono. Habari yake ni hii. Katika mji mdogo wa Ulaya, penye mvua na mfereji wa maji, tajiri mwenye kinu cha ngano anakutwa amekufa kwa pigo la kichwa. Polisi wanahangaika wiki nzima. Mtu anayegundua muuaji ni mzee, fundi wa saa aliyekwisha kuacha kazi, mwenye miguu ya kuuma, ambaye kila mtu anamcheka. Mvua imenyesha siku saba, imekatika alfajiri. Mzee anapita mbele ya kinu, anatazama rundo la kuni, anaona kuni za juu ni kavu na za chini zimelowa. Basi anasema: rundo hili limepangwa upya asubuhi hii. Wanalifumua, wanakuta nyundo chini yake. Mwishoni anawakusanya watu wote katika chumba cha kulia, anazungumza polepole, kisha anamtaja muuaji kwa jina. Halafu anapanda treni, anarudi kwake, anakunywa supu.

Nilikisoma mara mbili kwa wiki moja. Sikuwahi kufikiri kwamba kuni zinaweza kusema. Nilipotembea Fizi nilianza kutazama vitu: viatu vya watu, moshi wa majikoni, mbuzi anayefungwa upande asiofungwa kila siku. Nilijiona nimepewa jicho la pili, na nilitaka kumwonyesha mtu.

Wakati wa pamba nilishuka na kamyo hadi Baraka, na kila Jumamosi niliendesha baiskeli kandokando ya ziwa hadi kwetu Lweba. Pale alikaa mama yangu, mjane, katika ua wa baba yangu mkubwa, kaka wa marehemu baba. Baba mkubwa alikuwa amekwisha kuacha kuvua. Nyonga ya kushoto ilimkatalia mtumbwi, kwa hiyo alikaa chini ya paa la jiko la nje akishona nyavu za watu wengine, na kwa kuwa alikaa pale mchana kutwa, hakuna mtu aliyepita njia ile yeye asimjue kwa hatua zake. "Leo unaburuza mguu wa kuume," aliniambia siku moja kabla sijashuka kwenye baiskeli. Kiatu kilikuwa kimenibana tangu Baraka.

Jumapili baada ya ibada nilimsomea kitabu. Nilisoma mstari kwa Kifaransa kimoyomoyo na kuusema kwa Kiswahili chetu. Wamama waliokuwa wakimenya muhogo uani walisogea, na jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo usiofungwa, akaleta kibao chake cha kukalia karibu kabisa. Jumapili ya pili walifika watu kumi na zaidi.

Nilipofika kwenye kuni nilinyamaza kidogo ili wafurahi. Hakuna aliyefurahi.

"Alijua namna gani?" jirani akauliza.

"Alitazama. Kuni za juu zilikuwa kavu."

"Nasikia. Nauliza, alijua namna gani nyundo iko mule?"

"Alifikiri."

"Eti alifikiri!" Aligeukia wenzake. "Muzee hana muke, hana mutoto, anatembea na mvua, anahesabu kuni za batu. Anakuja anasema: fungueni hapa, nyundo iko ndani. Na nyundo iko ndani kweli! Bamama, mi nawauliza. Nani aliiweka?"

"Ni yeye," wakajibu wamama kwa sauti moja, na mmoja akaongeza, "Mulozi mukubwa."

Niliwaeleza kwamba muuaji ni mpwa wa tajiri, kwamba kitabu chenyewe kinasema hivyo mwishoni. Jirani alinionea huruma. "Mutoto yangu, yule muzee amewadanganya hata wale walioandika kitabu."

Watu walicheka sana. Siwezi kusema walikuwa wajinga. Kwetu mtu akipotewa na mbuzi, na mwingine akamwambia "mbuzi yako iko bondeni nyuma ya mugomba," swali la kwanza si asante. Anayejua pahali pa kitu kilichofichwa amekiona kikifichwa, au amekificha mwenyewe, au ana macho ya namna ile ambayo hayatajwi mbele ya watoto. Nilikua nikijua hivyo. Nilisahau kwa sababu ya kitabu.

Mtu mmoja tu hakucheka. Baba mkubwa alikuwa ameacha sindano yake ya kushonea nyavu hewani.

"Hapana," alisema. "Yule muzee hana dawa. Iko na macho tu. Nyinyi munapita, yeye anaangalia." Kisha akaniambia nirudie habari ya kuni, yote, tangu mvua ilipoanza.

Nilimrudia. Kuanzia siku ile akawa na namna mpya ya kutembea na fimbo yake, akisimama mbele ya vitu. Mama alimcheka. "Shemeji, umekuwa muzungu wa kitabu?" Na yeye alijibu kwa kiburi kidogo, "Mi nilikuwa hivi mbele kitabu hakijafika."

Lazima niseme pia kwamba Jumatatu nilimsimulia mzungu jinsi watu wa Lweba walivyomhukumu mzee wake. Alicheka mpaka akatoa leso. Nilifurahi kumchekesha.

Sasa habari ya jiwe.

Pamba ilipimwa kwa mizani ya mti mmoja mrefu: upande huu kikapu, upande ule mawe ya chuma. Jiwe kubwa liliitwa ishirini, kwa sababu ya kilo zake, na lilikuwa na pete ya kushikia juu. Kapita, yaani msimamizi wa soko, mtu wa Baraka aliyevaa kofia ya jua kama mzungu, ndiye aliyeyatunza mawe, na aliwachukulia wanawake kama wapagazi wake. Siku moja ya soko pale Lweba alimwamuru mama yangu alitoe ishirini kwenye kamyo alipeleke kwenye mizani. Mama alilitwika kichwani. Alikwenda hatua kama thelathini, akalishusha, akasimama akilitazama.

"Hii hapana ishirini," alisema.

Kapita alimwuliza kama amesoma hesabu.

"Sikusoma. Nimebeba. Tangu niko musichana nabeba muhogo, nabeba maji, nabeba kuni, nabeba pamba yenu. Ishirini naijua na shingo. Hii inapita ishirini."

Kila mtu alielewa maana yake: jiwe likizidi, pamba ya mkulima inapungua. Kapita alimsukuma begani akamwambia arudi kwenye mstari wake. Mzungu aliniuliza mwanamke yule amesema nini. Nilijibu kwamba analalamika jiwe ni zito. "Bila shaka ni zito," mzungu alisema, "ni jiwe." Sikutafsiri lililobaki. Mama aliniona sikulitafsiri.

Soko lililofuata lilikuwa baada ya wiki mbili. Kapita alikuwa ameyaacha mawe katika banda la soko, na asubuhi ile ishirini halikuwemo. Mzungu alikasirika kimyakimya, kama walivyokuwa wakikasirika wazungu. Alisema hapimi kikapu hata kimoja cha Lweba mpaka jiwe lirudi. Mwisho wa kiangazi ulikuwa karibu. Mawingu yalikwisha kuonekana juu ya milima ya ng'ambo ya ziwa, na pamba ikinyeshewa ni taka. Aliniacha kijijini pamoja na polisi mmoja, yeye akarudi Baraka.

Siku tano baba mkubwa alitembea. Polisi alipekua nyumba, akafumua vitanda, akapiga fimbo kwenye mashimo ya panya. Baba mkubwa hakugusa kitu. Alisimama tu na kuondoka. Siku ya sita, saa nne asubuhi, alinijia.

"Twende. Wewe peke yako."

Alinipeleka kwenye kijito nyuma ya kijiji, pahali ambapo wanawake hulowesha muhogo. Mgeni ajue: muhogo wetu ni mchungu, hukaa majini siku tatu au nne ulainike, ndipo huanikwa na kutwangwa. Kila mwanamke ana shimo lake kando ya kijito, amelifunika majani ya mgomba na jiwe juu. Hakuna anayetia mkono katika shimo la mwenzake. Mwanamume hafiki pale kabisa. Mimi mwenyewe sikuwa nimekanyaga pale tangu nilipoota ndevu, na niliona aibu kusimama, mtu mzima mwenye kalamu mfukoni.

"Nusa," baba mkubwa alisema.

Palinuka kama panavyonuka siku zote, harufu kali ya muhogo unaoiva.

"Sasa nusa hapa." Alielekeza fimbo kwenye shimo la tatu kutoka juu.

Niliinama. Shimo la tatu halikunuka.

"Nimekuja hapa siku tatu, bamama wakiwa shambani," alisema. "Siku ya kwanza halinuki, nikasema muhogo ni mupya. Siku ya pili halinuki. Leo halinuki. Na majani yamefunguliwa, unaona, yamewekwa namna ingine. Basi kuna muntu anatoa muhogo mbele haujaiva, anaweka mupya. Muntu anayelowesha muhogo na hangojei uive, huyo hataki muhogo. Anataka shimo lifunikwe."

Aliinua jani kwa ncha ya fimbo, akasogeza mizizi miwili. Pete ya chuma ilionekana chini ya maji.

Nikiri kwamba furaha niliyoipata wakati ule sijaipata tena maishani. Ilikuwa rundo la kuni lenyewe. Nilitamani kupiga kelele. Baba mkubwa alirudisha jani kama lilivyokuwa.

"Sasa," alisema, "yule muzee wa kitabu, akiisha kuona, alifanya nini?"

"Aliwaita watu wote, akawaambia."

"Akataja jina?"

"Akataja."

"Na kesho yake alikuwa wapi?"

"Alipanda treni."

Alicheka kidogo kwa pua. "Sisi hapa hatuna treni." Aliegemea fimbo. "Sikiliza. Kesho ni Jumapili. Batu wote watakuwa kwenye ibada. Mi siwezi kulibeba, nyonga hii hainiruhusu. Utalibeba wewe, utaliweka bandani pale lilipokuwa. Litakuwa limerudi. Pamba itapimwa. Hakuna muntu atauliza."

"Na mwenye shimo?"

"Nimesema hakuna muntu atauliza. Na wewe pia."

Niliitika. Kisha nilikaa mchana ule na kitabu mapajani, na sikuweza kutulia. Nilifikiri: mzee huyu ana akili kuliko polisi wote wa Fizi, na hakuna atakayejua. Wataendelea kumletea nyavu mbovu na kumwita muzee wa nyonga. Nilimwona akilini mzungu akiinuka kutoka kwenye kiti chake cha kukunja na kumpa mkono. Nilijiona na mimi kando, niliyeleta kitabu. Saa tisa nilipanda baiskeli nikaenda Baraka, nikamweleza mzungu kila kitu: harufu, majani, shimo la tatu. Nilieleza vizuri. Kifaransa changu kilikuwa kimenyooka.

Mzungu alisikiliza hadi mwisho. Hakucheka. Aliniuliza swali moja.

"Alijuaje?"

Siku iliyofuata ibada haikuisha. Kamyo ilifika, polisi wakawapeleka watu wote kijitoni, wanaume na wanawake pamoja, jambo ambalo lenyewe lilikuwa matusi. Jiwe likatolewa mbele ya macho yao. Mzungu akauliza shimo hili ni la nani. Wanawake walitazama chini. Mmoja akasema ni la bibi aliyekufa mwaka juzi. Mwingine akasema shimo lile halina mtu, hutumiwa na yeyote mwenye muhogo mwingi. Mama yangu alisema hajui. Walikuwa na umoja ambao sikuwa nimewahi kuuona hata kanisani.

Basi mzungu akaturudisha sokoni, akaketi, akafanya kesi. Mimi nilisimama kati yao.

"Mwulize alijuaje."

"Nilinusa," baba mkubwa alisema. Nikatafsiri.

"Mwulize shimo ni la nani."

"Mwambie mi ni mwanaume. Mashimo ya bamama siyajui."

"Lakini alikwenda huko siku tatu."

"Nilikwenda."

"Alijua pahali, basi anajua mtu. Mwambie ataje jina, arudi kwenye nyavu zake."

Nilimtafsiria, na nikaongeza langu: "Baba, taja. Sema hata jina la yule aliyekufa." Baba mkubwa alinitazama kwanza, ndipo akamtazama mzungu.

"Mwambie alipime."

"Apime nini?" nikamwuliza.

"Jiwe. Walipime kwa mizani ingine, ya duka, ya misioni, mi sijui. Kisha nitasema."

Safari hii nilitafsiri. Nilitafsiri neno kwa neno, kwa sauti, na kapita aliyekuwa nyuma ya kiti alisogeza kofia yake. Mzungu alikunja uso. Alisema mahakama haifanyi biashara na mshtakiwa. Ndipo nilipopata ujasiri nikamwambia, bwana, amefanya kama mzee wa kitabu chako, kuni kavu na kuni zilizolowa, ni jambo lilelile. Nilidhani nimeshinda.

"Yule ni wa kitabuni," mzungu alisema. Halafu, kwa upole, kama mtu anayekumbuka kichekesho: "Na watu wako mwenyewe walisema nini juu yake? Kwamba ni yeye aliyeiweka nyundo. Labda wanajuana kuliko sisi tunavyowajua."

Miezi minne. Kuficha mali ya soko na kukataa kumtaja mwenzake. Sikuombwa maoni. Niliweka karatasi kwenye mashine.

Boloko ya Fizi ilikuwa hatua mia moja kutoka ofisini kwangu. Kila asubuhi nilimwona kwenye mstari wa wafungwa na ndoo, akivuta ile nyonga mlimani, amevaa kaptura fupi ya wafungwa ambayo haikumfaa mtu wa umri wake. Hakuniita. Mimi niliinamisha kichwa juu ya madaftari. Mama alipanda kutoka Lweba kila baada ya wiki mbili, safari ya siku nzima na zaidi, akiwa na bugali iliyofungwa majanini na ndagala wa kukaanga. Alimpelekea yeye kwanza, ndipo akaja kulala kwangu. Katika miezi ile hakunisalimu kwa mkono.

Alipotoka boloko nilimteremsha mwenyewe na kamyo. Nilifikiri mabaya yamekwisha. Tulipoingia kijijini, wanawake waliokuwa njiani walihamia upande wa pili. Hakuna aliyeleta wavu wa kushonwa, siku ya kwanza wala ya kumi. Jirani yetu, yule aliyekuwa akileta kibao chake karibu, alizungumza naye akiwa ng'ambo ya ua, kwa sauti ya kutosha watu wote wasikie.

"Muzee, tukuulize kitu moja tu. Bapolisi bana macho, hawakuona. Sisi bamama tunapita pale kila siku, hatukuona. Weye ulijua namna gani?"

"Nilinusa, mama."

"Ulinusa." Alitikisa kichwa. "Na mutoto yangu wa mwisho ana homa tangu ulirudi. Unanusa nini kwa hiyo?"

Kapita alisaidia, nina hakika, ingawa sikumsikia kwa masikio yangu. Wazee wa kijiji walikuja kwa adabu, wakakaa, wakala, wakasema labda hewa ya Lubondja ingeifaa nyonga yake. Huko Lubondja alikuwa na dada yake aliyeolewa kwa wakulima. Baba mkubwa aliwaomba jambo moja tu: abaki, hata kama hakuna atakayemsemesha, ili akifa alazwe karibu na ndugu yake, pale ambapo ziwa linasikika. Walisema watalifikiria. Aliyekuja na jibu alikuwa mtoto wa mmoja wao, na alilitolea barabarani bila kuingia uani.

Mimi ndiye niliyebeba kitanda chake. Tuliposimama kupumzika njiani aliniuliza, kwa mara ya kwanza tangu kesi, "Kile kitabu unacho?"

"Ninacho."

"Yule muzee, alipofika kwake na treni, nani alimpikia supu?"

Nilifikiri. Nilimwambia kitabu hakisemi. Kinasema tu supu ilikuwa mezani na ilikuwa ya moto.

"Basi kuna muntu alimungojea," alisema. "Hawakuandika vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa ya kuandika."

Alikufa Lubondja kabla mwaka haujaisha, akalazwa huko, kwenye shamba la mume wa dada yake, ambako ziwa halisikiki.

Mzungu alipohamishwa aliniachia kitabu. Aliandika jina langu ndani kwa wino, na chini yake maneno ya kunishukuru kwa kazi nzuri. Nimekihifadhi. Nimejaribu kukichukia na sijaweza kwa ukamilifu. Ukurasa wa kuni bado ninausoma kwa furaha ileile, na nikimaliza ninajikuta nimeona haya, kama mtu aliyecheka msibani. Ninakubali kwamba aliyekiandika alijua kutazama. Ninachomlaumu ni ile treni. Alimpa mzee wake macho, akampa na njia ya kuondoka, na hakumwambia msomaji kwamba vitu hivyo viwili ni lazima viende pamoja. Siku nyingine ninasema hapana, kitabu hakina kosa. Baba mkubwa alikuwa amekwisha kuielewa habari ya treni pale kijitoni, na mimi, niliyesoma mara mbili, sikuwa nimeielewa. Alitaka jiwe lirudi bila neno. Niliyetaka chumba cha kulia na watu wamekaa kimya ni mimi.

Ishirini lilipelekwa Baraka, halikurudi. Soko lililofuata kapita alileta jiwe jingine, la rangi nyeusi mpya. Siku moja mama aliagizwa alibebe. Alilitwika, akafika kwenye mizani, akalishusha, na watu wote walimtazama. Hakusema kitu.

Kuna jambo moja zaidi, na nimeliacha mwisho kwa sababu sijui niliweke wapi. Tangu siku jiwe lilipotolewa, mama yangu hakulowesha tena muhogo pale kijitoni na wenzake. Mpaka uzee wake alipanda na kikapu kichwani hadi juu kilimani, karibu nusu saa, akachimba shimo lake peke yake kwenye miamba. Nilimwuliza mara moja tu, alipokuwa mgonjwa, kwa nini alijitesa hivyo.

"Maji ya kule inaivisha muhogo mbio," alisema, akageukia ukuta.

Baada ya kumzika nilipanda kuangalia. Ni kijito kilekile, maji yaleyale. Kinapita kwanza pale juu, ndipo kinashuka kwenye mashimo ya wanawake, la kwanza, la pili, la tatu.